Viazi vya Isongole, Ndizi za Kiwira

Hiace ya Tukuyu haiondoki Uyole, pale Mbeya, mpaka ijae, na kujaa kwenyewe ni pamoja na kuku na ndoo ya maparachichi miguuni. Nilibanwa dirishani, ndipo nilipopataka.

Tulipopita Isyonje baridi ikakaza. Isongole vijana walikuwa wanashindilia viazi kwenye lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, udongo mweusi umewaganda mpaka magotini. Njia hii naijua tangu utoto, ila udongo ule sikuwahi kuutazama mara mbili. Safari hii niliukodolea macho, kwa kuwa nilishasoma kwamba ni majivu. Milima ya Ngozi na Rungwe ililipuka zamani, ikamwaga majivu juu ya nchi hii, mvua zikayalainisha miaka na miaka mpaka yakawa shamba. Ziwa Ngozi lenyewe, lililojificha msituni huko juu, limetuama ndani ya shimo la volkano. Na Rungwe, wenye karibu mita 2,960, siku hiyo ulikuwa umejifunika mawingu kama kawaida yake.

Kwa hiyo sahani ya chipsi pale Mwanjelwa, mjini Mbeya, ilianzia kwenye moto wa mlima! Mimi ni mtu wa kanisani, lakini mahubiri ya miujiza hunipa usingizi. Gunia la viazi ndilo lililoniamsha.

Nilishuka Kiwira, bodaboda ikanifikisha Daraja la Mungu. Ni mwamba uliojipinda juu ya mto Kiwira, maji yanapita chini yake kwa kishindo. Lava ilitiririka hapo, ikapoa na kuganda, mto ukabaki na njia yake chini. Kujua hivyo hakukunipunguzia mshangao hata kidogo; kwanza uliongezeka.

Wakati wa kurudi barabarani nikamkuta mama anauza ndizi mbivu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndizi."

Nikamuuliza anaweka mbolea gani hadi zinanenepa vile. Akacheka.

"Samadi ya ng'ombe wangu. Hayo mengine ni ya Kyala." Kyala ni Mungu, kwa Kinyakyusa.

Nikanunua chane moja. Mvua ikashuka ghafla, akanisogezea nafasi chini ya turubai lake, akaniongezea ndizi mbili juu ya nilizolipia. Nilipotoa hela akausukuma mkono wangu, kisha akaanza kunihoji: mama yangu ni wa ukoo gani, na kwa nini nimekonda hivi.