Karatasi ya usiku mmoja

Mwaka jana mwezi wa nne jirani yangu alikuja kunigongea Jumamosi asubuhi na ule mfuko wake wa IOM, lile shirika la kimataifa la uhamiaji. Mliokuja Marekani kwa njia ya ukimbizi mnaujua, mfuko mweupe wa plastiki una maandishi ya bluu, unapewa siku ya safari na unaambiwa usiuachie hata ukienda chooni. Huyu kaka kaja huku 2016 na mpaka leo kila karatasi ya maana inakaa humo, vyeti vya chanjo za watoto, risiti za nyumba ya kwanza, barua za shule, kila kitu. Kilichomleta ni fomu ya uraia, N-400. Alikuwa amesukuma vizuri tu mpaka akafika kwenye lile swali linalouliza kama UMEWAHI kukamatwa, na ofisa yeyote, kwa sababu yoyote ile.

"Dada, mimi nilifungwa usiku moja tu. Sikuiba, sikupiga mutu. Na hiyo nayo ni kukamatwa?"

Ndiyo kaka, na hiyo nayo, na uhamiaji watataka karatasi zake.

Yeye ni wa Fizi, Kongo, kakulia kambi ya Nyarugusu kule Tanzania, mimi kwetu Kasulu hapo hapo jirani na kambi, ndo maana kila mwenye karatasi ya Kizungu kwenye haya maapatimenti anaishia mlangoni kwangu. Tuko kwenye mji mdogo wa Texas, sitautaja, mji wa kiwanda cha nyama, polisi wenyewe wa kuhesabika na kaunta ya rekodi ni dirisha moja tu lenye kioo.

Kisa chenyewe ni cha 2019. Majirani wawili waligombana usiku, polisi wakaja, yeye akatoka kwenda kuwaelezea maofisa kwamba wanamkamata asiyehusika, kwa Kiingereza cha wakati ule, na si mnajua sisi tukielezea mikono nayo inaelezea. Akapewa kosa la kuingilia kazi ya polisi, kwa Texas ni misdimina, yaani kosa dogo, ya Klasi B, akalala jela ya kaunti Jumamosi, Jumapili mchana katoka. Baada ya miezi kesi ikafutwa. Karatasi ya kwamba imefutwa hana, labda alipewa akaambiwa kwa Kiingereza akaitikia "yes, yes", labda ilitumwa kwenye anwani ya zamani. Alichonacho ni kikaratasi cha vitu alivyovuliwa akiingia jela: mkanda, simu, funguo, dola 14, na juu pembeni kuna namba imeandikwa kwa peni.

Ile namba ndo ilituokoa. Tulipoenda dirishani mara ya kwanza yule mama alitafuta kwa jina akasema hakuna kitu. Akatafuta kwa tarehe ya kuzaliwa, wapi. Sasa watu wa kambi mnajua tarehe zetu, wengi mmeandikwa tarehe 1 mwezi wa 1, ukitafuta kwa siku hiyo unapata nusu ya Nyarugusu. Nikatoa kile kikaratasi nikamsomea namba, faili hili hapa, kumbe usiku ule ofisa aligeuza majina, la ukoo kaliweka mbele na la mbele kalifanya la ukoo, na herufi mbili kazila. Kwa hiyo kama mnatafuta rekodi zenu na mnaambiwa hakuna, msirudi nyumbani, waambieni watafute na jina likiwa limegeuzwa, halafu tafuteni namba yoyote ya siku ile, kwenye karatasi ya dhamana, ya vitu, hata tarehe na mtaa vinasaidia.

Yule mama wa dirishani akauliza, kwa upole tu, mnaitakia nini. Jirani yangu akavuta pumzi aanze kumweleza toka Fizi, nikamkanyaga mguu. Huku sheria inaruhusu wakuulize unataka kitu GANI kama hujaeleweka, lakini kukuuliza unakitakia nini hairuhusu. Hutakiwi kujieleza. Hii kitu kwetu sisi ni ngumu kuimeza, maana tumezoea ukifika kituoni unaanza na shikamoo afande, samahani kwa usumbufu, halafu historia ya ukoo, ndo mwishoni unataja shida.

Jioni tukaandika imeili. Yeye alikuwa ameshatayarisha ya kwake kwa Kiswahili kwenye simu, anataka mimi niitafsiri, na ilikuwa imejaa naomba, naomba sana, tunaomba mutusaidie kwa jina la Mungu. Nikaifuta yote akanuna kidogo. Lakini shida ni ya lugha yetu yenyewe, kuomba ruhusa ni kuomba, kuomba chumvi ni kuomba, kuomba Mungu ni kuomba, na kudai kitu ambacho sheria imesema ni chako nacho tunasema kuomba. Nikamwambia hapa hatuombi chumvi. Tuliandika mistari mitano: chini ya Public Information Act, sura ya 552 ya Government Code ya Texas, nahitaji nakala ya ripoti ya tukio namba fulani, ripoti ya kukamatwa, na kumbukumbu za simu ya 911 za usiku huo, nitumieni kwa imeili. Basi. Video ya kamera ya kifuani tuliiacha, ile ina masharti yake, inabidi utaje tarehe na takriban saa, mahali, na jina la mtu anayeonekana.

Na msiandike FOIA jamani, yaani Freedom of Information Act. Ile ni ya serikali kuu, ya 1966, haihusu polisi wa mji. Kila jimbo lina ya kwake, hii ya Texas ni ya 1973, ilikuja baada ya kashfa ya Sharpstown iliyowang'oa wanasiasa kibao, watu wa ofisini wanaiita tu openi rekodi. Ukikosea jina la sheria wengi watakuelewa lakini kwanini uwape sababu.

Sasa hapa kwenye siku kumi ndo watu wengi wanachanganyikiwa, mimi mwenyewe nilikuwa nachanganyikiwa. Siku kumi za kazi siyo siku za kukupa karatasi. Karatasi wanatakiwa wakupe haraka iwezekanavyo, ila kama wanataka KUFICHA kitu wana siku kumi za kazi za kumwandikia Mwanasheria Mkuu wa jimbo kule Austin wamuombe ruhusa, na yeye ana siku 45 za kazi za kujibu. Siku ya tisa ikaja barua.

Saa tano usiku kaka kanipigia, sauti imebadilika kabisa. Kaona jina lake, kaona namba ya kesi, kaona Attorney General of Texas, kahitimisha kwamba kesi imefufuliwa na sasa inasikilizwa na jimbo zima. Mke wake nyuma nasikia analia. "Dada si nilisema tuache?" Nikavaa kandambili nikavuka parking nikaenda kukaa nao mpaka saa saba, tunaisoma mstari kwa mstari. Hiyo barua siyo yako wewe kushtakiwa. Ni mji unamuuliza Mwanasheria Mkuu, jamani huyu bwana anataka faili lake, tunaruhusiwa kumnyima? Wewe umepewa nakala tu ujue, na ukitaka unaweza na wewe kuandika maoni yako. Tuliandika, nusu ukurasa.

Na sababu waliyotoa, hii ndo ilinikera mpaka leo. Sheria ya Texas inaruhusu polisi kuzuia habari za uchunguzi kama uchunguzi ule HAUKUISHIA kwenye hatia wala ile hukumu ya kuahirishwa, deferred adjudication. Yaani mtu akitiwa hatiani faili lake linafunguka kirahisi, asiyekutwa na kosa ndo faili linafungwa. Nia yake naielewa, kumlinda mtu asiye na hatia asichafuliwe na watu baki, sasa huyu anayeomba ni mwenyewe! Na wakati huo picha yake ya jela, ile ya macho mekundu, ilikaa kwenye kurasa za Facebook za kuanika waliokamatwa toka Jumatatu ile ile ya 2019, wafanyakazi wenzake waliiona kabla hajarudi kazini. Picha ya aibu inakufuata bila kuiomba, karatasi ya kukusafisha unaizungukia ofisi tatu.

Ila nisiwalaumu hao wa dirishani kupita kiasi, maana kuna wenzetu wamesubiri zaidi yetu mbali sana. Uvalde, mji mdogo hapa hapa Texas, shule ile ya Robb, tarehe 24 Mei 2022, watoto 19 na walimu 2 waliuawa kwa risasi, vyombo vya habari vilibidi viende mahakamani na mji ukaachia video na simu za 911 Agosti 2024. Miaka miwili na zaidi.

Wakati tunasubiri Austin tukaenda kwa karani wa kaunti. Hili nalisema kwa herufi kubwa kwa sababu watu wanapoteza miezi kwenye dirisha la polisi wakati wanachohitaji kiko jengo lingine: POLISI WANA HADITHI YA KUKAMATWA, MAHAKAMA INA MWISHO WA KESI. Uhamiaji wanataka vyote ila mwisho wa kesi ndo roho yenyewe. Misdimina za A na B ziko kwa county clerk, felonia, yaani makosa makubwa, ziko kwa district clerk, faini ndogondogo za Klasi C mara nyingi mahakama ya mji. Na mahakama haziko chini ya ile sura ya 552, hakuna siku kumi wala Austin, unaenda na namba, unalipa dola chache, unasema nataka nakala iliyothibitishwa, certified, siyo fotokopi. Tulikaa dakika ishirini. Karatasi moja, muhuri unaoushika kwa kidole unausikia, na neno dismissed. Kaka alikipapasa kile kimuhuri njia nzima ya kurudi.

Halafu kuna jamaa mmoja wa kanisani akamshauri afanye haraka kufuta rekodi yote, ekspanksheni, maana kesi ilifutwa na anastahili. Nikamwambia ngoja kwanza! Jaji akisaini ile, ofisi zote zinaharibu au kurudisha makaratasi, na wewe uhamiaji bado watakuuliza, alama zako za vidole wanazipeleka FBI, swali la fomu linasema hata kama ilifutwa, sasa utathibitisha na nini? Chukua kwanza nakala zilizothibitishwa, tatu au nne, weka kwenye mfuko wako wa IOM, ndo uongee na loya kuhusu kufuta. Mtu wa kuwaamulia hili ni loya wa uhamiaji, siyo mimi na siyo wa kanisani.

Jibu la Austin likaja mwezi wa saba. Mji unaruhusiwa kuzuia, isipokuwa zile habari za msingi, na hizo haziwezi kufichwa Texas hii toka kesi ya gazeti la Houston Chronicle miaka ya sabini: nani kakamatwa, lini, wapi, kwa kosa gani, ofisa gani, na maelezo ya tukio lenyewe. Ukurasa mmoja na nusu, senti kumi kwa ukurasa kisheria lakini hawakututoza.

Nilidhani ataanzia kwenye maelezo ya ofisa. Wala. Kidole chake kilisimama juu kabisa kwenye vile viboksi, umri, anwani, kazi. Kwenye kazi wameandika hana. Akaniangalia. Usiku ule alikuwa ametoka shifti ya kiwandani, masaa kumi ya kukata nyama kwenye baridi, buti zenye damu ziko kwenye gari, na ofisa aliziona maana ndo kitu cha kwanza alichomuuliza.

"Hapa nani aliandika mimi sina kazi?"

Nikamwambia kaka, uhamiaji hawatajali hicho, kesi imefutwa, muhuri upo. Akasema anajua. Akakunja ukurasa taratibu, akautumbukiza mfukoni, akaniuliza ile imeili ya kwanza bado ninayo.