Dakika tano kutoka lami

Mpangaji wetu wa chumba cha uani kaondoka Jumapili, kapata uhamisho wa Dodoma. Kwa hiyo juzi usiku nikakaa na simu kuandika tangazo la kuweka stetasi, kama kila mtu anavyofanya siku hizi. Nikaandika: "Chumba masta na sebule, Goba, ndani ya fensi, LUKU inajitegemea, maji ndani, dakika 5 kutoka lami, bei ina maongezi." Neema alikuwa kaniegemea begani. Huyu mtoto tangu ajue kusoma, hata karatasi ya kufungia maandazi haimpiti.

"Baba, hizo dakika tano ni za nani?"

"Za mtu yeyote."

"Mbona mimi na mama tukifika kwenye basi la shule nakuwa nimeshachoka?"

Nikamwambia akalale, kesho shule. Mama yake alikuwa jikoni anaosha masufuria. Akasema neno moja tu, "Suka," kisha akaanza kucheka peke yake.

Kimara Suka, Juni 2016. Mwendokasi, yale mabasi ya haraka yenye njia yake, ulikuwa na mwezi mmoja barabarani, na madalali wa Barabara ya Morogoro walikuwa wameshapata wimbo mpya. Zamani nyumba ilikuwa karibu na lami, karibu na stendi, karibu na soko. Sasa kila nyumba ilikuwa karibu na mwendokasi, hata zile za Mbezi ndani ndani, ambako ukitaka kuliona hilo basi unapanda kwanza daladala mpaka Kimara Mwisho. Sisi tulikuwa na miezi miwili ya ndoa na tulikuwa tunalala kwa kaka Tabata, kwenye chumba cha wanawe. Kila alfajiri watoto walikuwa wanagonga mlango kuomba sare zao za shule. Watu wa namna hiyo wako tayari kuamini chochote.

Wiki tatu tulizunguka. Kila kuonyeshwa nyumba ni shilingi 10,000, upende usipende. Tulijifunza kwa pesa. "Choo ndani" tulikikuta ndani kweli: ndani ya nyumba, mwisho wa korido, cha vyumba vinne. "Nyumba mpya, nyie ndio mnaofungua" ilikuwa na plasta mbichi, ukiegemea ukuta unatoka na shati la kijivu. "Imebaki malizio kidogo" haikuwa na mlango wa mbele. "Mazingira tulivu" tulifika saa kumi na mbili jioni, na bodaboda aliyetuleta akakataa kutusubiri. Dada yangu aliyeko Nairobi alinicheka sana kwenye simu, akasema kwao mtu akiandika bedsita unajua unachokwenda kukuta: chumba kimoja, jiko kwenye kona, choo chako. Nikamuuliza, na dakika za kutoka steji je? Akabadilisha mada.

Ipo moja tuliyoipenda. Ilikuwa nyuma tu ya kituo cha mafuta, dakika mbili za kweli kutoka barabara kuu, nilihesabu mwenyewe. Laki mbili kwa mwezi, kodi ya miezi sita, na ya dalali mwezi mmoja juu yake. Sisi tulikuwa na milioni moja na laki moja, basi. Mke wangu alisimama kwenye ile baraza akitazama magari, hakutaka kuondoka.

Dalali wa Suka alikuwa kijana wa kofia ya Yanga na raba nyeupe, raba ambazo mtu wa Kimara hawezi kuvaa kama hana moyo. Kwenye simu alisema: chumba masta na sebule, ndani ya fensi, LUKU inajitegemea, maji ndani, mwenye nyumba hakai hapo, dakika tano kutoka lami. Tukashuka kituoni, tukaanza. Tuliteremka bonde, tukavuka daraja la magogo, tukapanda kilima, tukapita kanisa, tukapanda tena. Mke wangu alijifunga khanga juu ya gauni kwa ajili ya vumbi. Nilipotazama simu, dakika kumi na saba zilikuwa zimekwisha na bado tunatembea.

"Dalali, dakika tano zimepita zamani."

"Bosi, wewe umeanza kuhesabu kituoni. Sisi tunahesabu kuanzia lami inapoishia."

"Inaishia wapi?"

Akaninyooshea kidole nyuma. Kulikuwa na mzee mmoja ambaye alikuwa amemwaga kipande cha lami mbele ya geti lake, gari lake lisiteleze mvua ikinyesha. Kilikuwa na ukubwa wa mkeka wa kulalia watu wawili. Nilitaka kukasirika nikashindwa, maana kutoka pale zilikuwa dakika tano kamili.

Ndani ya fensi, chini ya mwembe, palikuwa na bibi amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kuona chumba?"

"Bibi ni mama yake mwenye nyumba," dalali akadakia. "Yuko hapa kwa matibabu tu."

Bibi alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye mchele wake.

Chumba kilikuwa kizuri, nisiseme uongo. Marumaru za rangi ya maziwa, dari ya jipsamu yenye maua kwenye kona, dirisha kubwa la kuelekea mwembeni. Dalali akapiga makofi mara moja ili tusikie mwangwi. "Kitanda cha sita kwa sita kinaingia na nafasi inabaki." Madalali wa Dar hawapimi chumba kwa futi, wanapima kwa kitanda.

Mke wangu alikuwa hajasema kitu tangu barabarani. Akafungua khanga kiunoni, akaikung'uta vumbi, akaitandaza sakafuni kuanzia pembe ya ukuta. Nilidhani amechoka anataka kukaa. Akapiga magoti. Akaweka kidole pale ncha ilipoishia, akapima mbele yake shubiri moja, akaongeza vidole vinne, akachora mstari kwa kucha kwenye vumbi la marumaru. Khanga ni futi tano kasoro kidogo kwa urefu. Alijua hilo kwa sababu mama yake alikuwa mshonaji. Akaigeuza khanga, akapima upande wa pili, akachora tena. Sasa pale sakafuni kulikuwa na kitanda cha sita kwa sita, cha mistari miwili na pembe ya ukuta, na khanga yake nyekundu imelala katikati kama mtu aliyetangulia kulala.

Dalali alikuwa kimya kabisa. Nadhani alikuwa hajawahi kuona kitanda chake kikipimwa.

Kisha mke wangu akaenda kwenye mlango wa choo, akauvuta. Ulikuwa unafungukia chumbani. Mlango ukaja taratibu, ukaufikia ukingo wa khanga, ukaanza kuiburura. Ukaikunja mara moja, mara mbili, ukaisukuma mpaka katikati ya chumba. Akaurudisha, akaitandaza khanga vizuri, akauvuta tena. Ukaikunja tena. Akaniangalia mimi, hakumwangalia dalali.

"Mlango unageuzwa huo, shemeji. Fundi ni elfu tano tu." Akainama, akasoma maandishi ya khanga kwa sauti: "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeona bosi? Hata khanga imekubali."

Mke wangu akaingia chooni. Ukuta wa choo haukufika darini, uliishia juu kidogo ya kichwa changu, kwa hiyo tulimsikia akivuta kamba. Klik. Kimya. Akavuta tena. Klik. Akafungua bomba la sinki. Bomba likakohoa, likatoa upepo.

"Maji si ndani?" nikamuuliza dalali.

"Bomba liko ndani, bosi."

Ndipo ikaja sauti kutoka nje, kutoka chini ya mwembe, wala haikupandishwa, kama mtu aliyekuwa amekaa nasi chumbani muda wote: "Tumia ndoo mwanangu. Maji yanatoka Alhamisi."

Hakuna aliyesogea. Nilikuwa nimeshashika mkono wa mlango ili tuondoke. Mke wangu akatoka chooni, akaenda dirishani, akaegemea nondo.

"Alhamisi saa ngapi, bibi?"

"Saa nane usiku. Nitawaamsha."

Akageuka, akaokota khanga yake, akaikung'uta na kujifunga. Nikajua tumeshapanga.

Yaliyofuata ni marefu, nitayakata. Laki moja na nusu kwa miezi sita, laki tisa, na laki na nusu ya dalali, tukabaki na elfu hamsini na kitanda cha tano kwa sita cha kukopa. Mlango wa choo haukugeuzwa mpaka tunahama. Matibabu ya bibi yalidumu muda wote tulioishi pale. Na alituamsha kweli, kila Alhamisi, kwa kugonga dirisha na mwiko.

LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ilijitegemea, ila iliyojitegemea ni nyumba nzima, haikuchangia na majirani. Sisi vyumba vinne tulikuwa tunategemeana kwenye mita moja. Wanaojua umeme watanielewa. Mteja mdogo alikuwa anapata uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja, akizidi hapo anapigwa 350. Vyumba vinne na jokofu la bibi tulizimaliza zile 75 kabla ya tarehe kumi. Kuanzia hapo ilikuwa ni vita ya nani ana pasi na nani anachemshia maji ya kuoga kwa hita. Bibi alikuwa na daftari la mistari, anaandika. Hakuwahi kukosea hesabu, na hakuwahi kuliandika jokofu lake.

Mwaka uliofuata, 2017, ikaja bomoabomoa ya kupanua Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kwenda Kiluvya. Alama za X zikatangulia ukutani, kisha tingatinga. Hifadhi ya barabara ilikuwa mita 121.5 kila upande kutoka katikati, tarakimu ambayo mpaka leo ukimtajia mtu wa Kimara wa miaka ile ataimalizia mwenyewe. Asubuhi moja tukiwa kwenye daladala tulipita pale kwenye ile nyumba ya nyuma ya kituo cha mafuta, ile ya dakika mbili za kweli. Baraza ilikuwepo, nyumba haikuwepo. Kulikuwa na mama amekaa juu ya godoro na jiko la gesi pembeni, anaongea na simu.

Mke wangu aliangalia upande mwingine. Jioni ile yule dalali wa kofia ya Yanga akanipigia. "Bosi, mnaona? Ningewapeleka karibu na lami leo mngekuwa wapi?" Nikamwambia asante. Sijui kwa nini nilimwambia asante. Hakuwa ametupeleka mbali kwa wema, alitupeleka mbali kwa sababu ndicho alichokuwa nacho mkononi siku ile, na alitudanganya njia nzima. Lakini usiku ule tulilala ndani, kwenye nyumba ambayo hakuna tingatinga lingeweza kuifikia bila kupotea njia.

Basi jana asubuhi nilimpeleka Neema kwenye basi mwenyewe, saa mkononi. Dakika kumi na moja, pamoja na kusimama kumwangalia mbuzi wa jirani. Niliporudi nikafuta "dakika 5" nikaandika "dakika 11". Ndani ya saa moja walinipigia watu watatu. Wa kwanza akauliza, kumi na moja kwa miguu au kwa boda? Wa pili akasema, kwa hiyo kaka ni kama nusu saa hivi. Wa tatu hakuuliza chochote, akasema tu kwamba anatafuta karibu zaidi, na akakata.

"Rudisha tano," mke wangu akasema. "Watu wanajua kuzidisha."

Sikurudisha. Nikaandika "karibu na lami", nikajiona mwoga.

Jioni akaja binti mmoja na mchumba wake. Nilikuwa kwenye simu, mke wangu ndiye aliyewapeleka uani. Nikasikia mlango wa choo unafunguliwa, bomba likifunguliwa na kufungwa. Kisha nikamsikia mke wangu anawaambia, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba maji yanatoka Jumatano na Jumamosi, na kwamba tenki linatosha kama mtu hafui mashuka yote kwa mara moja. Mimi nilikuwa bado sijawaambia hilo. Sina hakika kama ningewaambia.

Wakasema watapiga simu. Leo ni siku ya pili.