Kona 1,219 hadi Umphang

Nilizihesabu mpaka ya arobaini, kisha nikatapika.

Gari lenyewe ni chai maharage, zile za Dar ya zamani: pikapu yenye mabenchi mawili yanayotazamana. Wathai huiita songthaew. Kutoka Mae Sot hadi Umphang, kaskazini magharibi mwa Thailand, ni kilomita 164, na kona, kwa hesabu yao wenyewe, 1,219. Tulijazana na magunia ya vitunguu na jogoo ndani ya tenga. Mimi nilikalia tairi la akiba, na nauli nimelipa sawasawa na wenye benchi! Bibi mmoja wa Kikareni, kabila la huko mpakani na Myanmar, aliponiona nimepauka, alichomoa kichupa cha dawa ya kunusa akakisogeza puani mwangu bila kuniuliza. Mkono wa pili tayari umeshika mfuko wa plastiki. Nikautumia.

Barabara hii ilipokuwa inajengwa, waasi wa kikomunisti waliwashambulia wajenzi, ikaishia kuitwa Barabara ya Kifo. Sikubishana na jina.

Njiani, mlima mzima ukatokea umejaa vibanda vya mianzi: Umpiem, kambi ya wakimbizi kutoka Myanmar. Mimi nimekulia Kasulu, sikuhitaji kuelezwa. Bibi hata shingo hakugeuza. Nasi tulikuwa tukipita Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya kwetu, hivyo hivyo, tunabishana habari za mpira.

Umphang mjini ni mitaa michache tu, ungeimaliza kwa miguu kabla chai haijapoa. Ila wilaya yenyewe ndiyo kubwa kuliko zote Thailand, kilomita za mraba 4,325. Unguja na Pemba ziunganishe, bado hazifiki. Nilikwenda kwa ajili ya maporomoko ya Thi Lo Su. Jamaa wa Mae Sot aliyeniuzia safari alipokea baht zangu 1,500 akitabasamu, na mwezi ni Agosti. Wakati wa masika yao njia ya kule hufungwa kwa magari. Alijua. Simu yake haikupokelewa tena.

Basi nikabaki siku tatu za mvua kwenye nyumba ya wageni yenye godoro gumu kama mkeka, nikisomeshwa serikali na mwenye nyumba, ambaye kaka yake ni phu yai ban, mkuu wa kijiji. Nikapanga kichwani: muban ni kijiji, tambon ni kata, amphoe ni wilaya, changwat ni mkoa. Mkuu wa wilaya huletwa na wizara, kama DC wetu anavyoletwa na Rais. Ila phu yai ban huchaguliwa na wanakijiji, akishapata anaweza kukaa mpaka afike miaka 60. Nikawaza mwenyekiti wetu kule nyumbani akisikia habari hiyo. Angehamia!

Asubuhi ya mwisho, saa kumi na mbili, kipaza sauti cha kijiji kikafoka juu ya nguzo. Ni phu yai ban na matangazo yake. Katikati nikasikia "Afrika", na jirani wa dirishani akacheka. Mwenye nyumba akanifafanulia: kaka yake anauliza nani anashuka Mae Sot na gari binafsi, ampakie mgeni, na amkalishe mbele.

Kiti cha mbele kilipatikana. Nikatapika vilevile, kwenye kona ya sitini na kitu.