Nimestaafu Pattaya, na Wakala Hajala Baht Yangu

Kila anayenipigia simu akisikia niko Thailand, kabla hajaniuliza afya, anataka kujua nimemlipa wakala wa viza kiasi gani. Sijamlipa. Narudia kwa waliokaa nyuma: sijamlipa. Mwaka wa kwanza washauri walinizunguka kama nzi kwenye soko la samaki, wote wanaume, wote wenye miaka mingi huku, wote wakiniambia mwanamke wa umri wangu, peke yake, hawezi kusimama mbele ya afisa wa uhamiaji akatoka na muhuri. Mpe wakala pasipoti, mama, wewe ukae ufukweni. Bei waliyonitajia ilianzia baht, hela ya huku, elfu 12 ikapanda hadi 25, kutegemea msemaji ameshakunywa ngapi. Mimi niliyepiga zamu za usiku hospitalini Leicester, Uingereza, mpaka mvi zikaniota, ndiye wa kuogopa foleni?

Swali la pili huwa: kwa nini hukurudi Tanga? Nyumbani ni nyumbani, sibishi. Ila Tanzania haina uraia pacha. Siku nilipochukua pasipoti ya Uingereza niliiaga ya kwetu, na sasa naingia Tanga niliyozaliwa kwa viza ya dola 50, pamoja na watalii wenye kofia za majani. Hilo moja. La pili ni pensheni. Ile ya serikali ya Uingereza ukihamia Tanzania inagandishwa palepale ilipo, haipandi tena hadi unakufa. Thailand nayo vilevile. Ukitaka ipande kila mwaka nenda Ufilipino. Pensheni yangu ya uuguzi ndiyo inayopanda popote nilipo, na ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo kwa hela ilikuwa sare, nikachagua kwa magoti. Nilikuja huku likizo na shoga yangu mwezi wa kwanza, Uingereza barafu, huku jua la kiungwana na upepo wa bahari, magoti yakanyamaza. Basi.

Sheria yenyewe wala si ngumu. Uwe umetimiza miaka 50. Unaingia kwa viza aina ya O, kisha unaongezewa mwaka mmoja mmoja, ada baht 1,900. Ipo nyingine inaitwa O-A, hiyo inakudai na bima ya afya, na mwenye umri kama wangu akiuliza bei ya bima anaweza kupandwa na presha hapohapo kaunta. Mimi nilishika ya O. Ushahidi wa hela una njia mbili kubwa: uonyeshe 65,000 zinaingia kila mwezi, au uweke 800,000 katika benki ya Thailand. Ubalozi wa Uingereza ulikuwa ukiandika barua ya kuthibitisha kipato, ukaacha mwanzoni mwa 2019. Nikachagua za benki, kama pauni elfu 18 hivi, fedha za nyumba niliyouza. Zikae miezi miwili kabla ya kuomba na miezi mitatu baada ya kupewa, halafu unaweza kuzigusa lakini zisishuke chini ya 400,000. Mimi sizigusi kabisa. Nimezisahau kusudi, maana hela unayoikumbuka haikai.

Wapo mawakala wanaokwambia huna haja ya kuwa nazo, wao watakuwekea kwa siku chache. Mwenye masikio na asikie, mimi simo.

Sasa niwaelezeni siku yenyewe. Jirani yangu, Mwingereza mwenye tumbo kubwa na ushauri mkubwa zaidi, alinihakikishia barua ya benki inatosha, kitabu cha benki wanatazama jalada tu. Nikachukua barua siku moja kabla. Asubuhi nikajitanda mtandio wangu wa maana, saa mbili kasoro niko mlangoni, na foleni tayari imekunja kona. Namba nikapata, nikakaa, tasbihi ikazunguka mpaka vidole vikachoka. Nikaitwa. Afisa alikuwa binti wa rika la mwanangu. Akapitisha karatasi zangu harakaharaka, akafungua kitabu cha benki, akaweka ukucha kwenye mstari wa mwisho. Mstari wa mwisho ulikuwa riba ya Desemba. Tulikuwa Februari. “Leo,” akasema kwa Kiingereza. Nikamsogezea barua. Akaisogeza pembeni kwa adabu, ukucha ukarudi palepale. “Mama. Leo.”

Yaani kitabu kiwe kimechapwa siku hiyohiyo ninayoomba, ajue hela haikuondoka jana jioni. Na alikuwa na haki. Aliyekosa haki ni yule aliyenishauri, aliyekuwa bado amelala muda huo.

Nikatoka nje. Bodaboda wa huku wanavaa vizibao vyenye namba, wanakaa kijiweni kama wa kwetu. Nikamwambia mmoja “benki”, akanipeleka benki, tena nzuri, ila si yangu. Nikamwonyesha rangi ya kitabu. Akanipeleka tawi la benki yangu, mashine ya kuchapia vitabu imefunikwa kwa karatasi. Akanipeleka tawi jingine ndani ya supamaketi, mashine inafanya kazi. Nikaingiza kitabu, ikakitema. Nikakigeuza, ikakitema. Nikakisomea bismillahi, ikakitema. Nyuma yangu watu wametulia tu, Wathai hawakusonyi hata kama unawachelewesha, jambo ambalo kwa mtoto wa Tanga linazidisha aibu. Akaja mlinzi, kijana mwembamba, akakipokea kwa mikono miwili, akafungua ukurasa wenye nafasi, akakitumbukiza. Safari hii mashine ilikimeza, ikanguruma, ikakirudisha kisafi. Hakuna kilichochapwa, kwa sababu tangu Desemba hakuna kilichotokea!

Hapo ndipo akili ya usiku wa zamu ikanijia. Kama inataka tukio, nitalizaa tukio. Pembeni kulikuwa na mashine ya kuwekea hela. Nikatoa noti ya baht 100, noti moja nyekundu, nikaitia katika akaunti yangu mwenyewe, kisha nikarudisha kitabu kwenye mashine ya kwanza. Krrr, krrr. Mstari mpya: tarehe ya leo, mia moja, salio chini yake. Yule mlinzi akacheka mpaka akashika ukuta. Nilikibusu kitabu changu, sikuweza kumbusu yeye.

Nilirudi ofisini nikakuta wamekwenda kula, saa sita hadi saba. Nami nikala. Mchana nikachukua namba upya, nikatoa kopi ya ukurasa mpya kwenye duka la fotokopi lililo jirani (kila ofisi ya uhamiaji ina duka la fotokopi jirani, na mwenye duka anajua sheria kuliko mawakala wote, muulize yeye). Binti akatazama mstari wangu wa mia moja, akanitazama, akatabasamu kidogo sana. Kesho yake pasipoti mkononi, mwaka mzima.

Tangu hapo ninapanga karatasi kama nakabidhi wodi. Afisa asitafute kitu. Fomu juu ikiwa na picha, chini yake kopi za pasipoti, kila ukurasa wenye muhuri, kila moja na saini yangu kwa wino wa buluu, kisha karatasi ya TM30, ile ambayo mwenye nyumba anatakiwa kuipeleka ndani ya saa 24 kusema ana mgeni, mkataba wa pango, barua ya benki, kitabu. Mwisho ramani. Ndiyo, wanataka uchore ramani ya kufika kwako. Watu wanabandika picha ya intaneti, mimi nachora kwa mkono: bahari, barabara, duka la 7-Eleven, muuza durian, kibanda cha mizimu chenye maua na soda nyekundu, kisha jengo langu na mshale. Afisa mmoja aliwaita wenzake waione. Siku hizi kuna wazee wanne wa Kizungu wanaoniletea bahasha zao niwapangie, akiwemo mwenye tumbo. Namtoza kilo ya kamba kila mwaka, wakubwa, na anaosha mwenyewe.

Kila baada ya siku 90 unaripoti unakoishi, fomu TM47. Dirisha linafunguka siku 15 kabla na linafungwa siku 7 baada, ukichelewa faini 2,000. Mtandaoni inawezekana siku mtandao wao ukiamka vizuri. Na ukisafiri nje ya nchi chukua kwanza kibali cha kurudi, 1,000 kwa safari moja. Ukiondoka bila hicho, mwaka wako wote umekufa uwanja wa ndege, na wewe unaanza alifu.

Nyumba: nimepanga chumba na sebule Jomtien, upande wa kusini kuna utulivu kuliko katikati ya Pattaya. Elfu kumi na kitu kwa mwezi. Wapo wanaonunua, na mgeni anaruhusiwa fleti mradi wageni wasizidi asilimia 49 ya eneo la jengo, ardhi huruhusiwi. Lakini kabla ya kutia saini ya pango uliza umeme unalipwa kwa nani. Ukilipa moja kwa moja shirika la umeme ni nafuu, ukimlipa mwenye jengo anaweza kukuuzia uniti kwa baht saba au nane, na kiyoyozi cha Aprili kitakumaliza. Hili hakuna mshauri aliyeniambia. Alinifundisha mfagiaji wa ngazi, kwa vidole.

Usafiri ni raha tupu. Waliokulia Dar miaka ile wanaikumbuka chai maharage, ile pikapu yenye mabao mawili mnatazamana magoti. Basi ndiyo hiyo, inaitwa songthaew. Unapunga mkono, unapanda, ukifika unabonyeza kengele, unashuka, unampa dereva hela dirishani, baht 10, safari ndefu 20. Usiulize bei. Ukiuliza tu umekuwa mgeni, umekodi gari zima, na hela inahesabiwa kwa mamia. Barabara ya ufukweni inakwenda kusini tu na ile ya pili nyuma yake inarudi kaskazini, kwa hiyo hata ukipitiliza unazungushwa unarudi.

Soko ndiko ninakojivunia zaidi. Nazi! Kuna mama sokoni mwenye mashine ya kukunia na kinu cha kukamulia. Anavunja nazi mbele yako, anakuna, anatia kwenye kitambaa, anashindilia chuma, tui linatoka zito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa juzi. Tatizo: yeye humimina maji palepale akachanganya yote. Mtu wa Tanga akubali tui moja? Nilimshika mkono, nikamwonyesha kidole kimoja, kamua kavu, mfuko wake. Vidole viwili, tia maji, kamua tena, mfuko mwingine. Akaona nina wazimu. Nikampelekea bakuli la samaki wa kupaka. Sasa nikitokea tu anainua vidole viwili kwa mbali. Muhogo upo, ukwaju upo, bamia, embe bichi la chumvi na pilipili linauzwa njiani kama kwetu. Nyama ya halali inapatikana, tafuta alama; na wali wao wa manjano wa kuku, khao mok, ni biriani aliyepotea njia akaolewa huku. Kinachokosekana ni sembe. Nabeba kwenye begi.

Songkran, mwaka mpya wao, huanza 13 Aprili, lakini Pattaya hawatosheki na kumwagiana maji mpaka 19. Nunua chakula kabla, ufunge mlango. Septemba na Oktoba mvua ikinyesha saa moja tu, barabara zinakuwa mito, usimwamini dereva anayesema hakufuriki. Ukitaka bahari safi panda boti gati la Bali Hai uende kisiwa cha Koh Larn, baht 30, asubuhi, kabla makundi hayajaamka. Na beba kopi ya pasipoti. Kuna mahali niliombwa mimi tu, na wenzangu wanne wa Kizungu tuliokaa meza moja hawakuulizwa hata majina. Nikaitoa, nikakaa kimya, chai yangu ikapoa.

Dawa za presha nanunua duka la dawa bila maneno. Hospitali za binafsi zinapendeza kama hoteli, na bili pia ya hoteli. Ya serikali nenda alfajiri na kitabu cha kusoma. Mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, bado ni nafuu. Nimetenga akiba ya ugonjwa pembeni, mbali na zile laki nane.

Dagaa pia wapo, wakavu, kwa kilo. Mara ya kwanza nilipowakaanga likabandikwa tangazo kwenye lifti kuhusu harufu. Nikajua aliyelalamika si Mthai, kwa maana wao samaki wakavu ndiyo asubuhi yao. Sikubishana. Nilipika tena, kwa tui la pili na embe bichi, nikashuka na sahani ofisi ya jengo. Walikula wote watatu, wakaniuliza nimetia nini. Tangazo bado liko lifti, lakini kila nikikaanga, wa ofisini ananipigia simu kuuliza kama wamebaki.