Safu ya vyumba kumi na viwili, Agosti 2009

Sensa ya Kenya ya 2009, niliyofanya kazi ya karani, ilianza Jumatatu tarehe 24 Agosti, saa kumi na mbili jioni. Ramadhani ilikuwa changa, siku ya tatu tu. Eneo langu la kuhesabia lilikuwa Makina, kijiji kimoja cha mtaa wa mabanda wa Kibera, Nairobi, walikokaa Wanubi, wazao wa askari wa Kisudani, tangu zama za King's African Rifles, jeshi la mkoloni. Jua lilipozama adhana ikalia, na kila mlango niliokuwa nao kwenye ramani watu wake walikuwa chini, mkekani, wanafuturu. Mzee wa kijiji aliyepewa kazi ya kunitembeza akaniambia, "Tulia, mwanangu. Mwenye tende mkononi haulizwi umri." Tukakaa kwenye ngazi ya duka hadi saa moja na nusu, na mtoto akatuletea uji wa pilipili manga kwenye bakuli.

Wengi hawajui eneo la kuhesabia ni nini, na bila kulijua hilo hata takwimu za makabila hazisomeki vizuri. Nchi nzima hukatwa vipande vyenye kaya 100 hivi, na kila kipande hupewa karani mmoja. Mashambani kipande kimoja ni vilima viwili na bonde lake. Kibera ni vichochoro vitatu. Siku kadhaa kabla ya kuhesabu, karani anapita na mzee wa kijiji wakiorodhesha majengo, na kila mlango unaandikwa namba kwa chaki au rangi. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa. Chumba kilichogawanywa kwa pazia kina kaya mbili, karani akakiandika mlango mmoja. Mvua ikinyesha chaki inafutika. Mimi niliandika namba juu ya fremu, chini ya ukingo wa bati, maji yasikofika, na kwenye daftari nikachora safu zote kwa mpangilio wa milango.

Nyumba za upande ule zilijengwa kwa safu: kuta za fito na udongo, paa la mabati, vyumba vya futi kumi kwa kumi vilivyoshikana mgongo kwa mgongo. Safu yangu ya mwisho ilikuwa na vyumba kumi na viwili na watu 31. Niliihesabu Alhamisi na Ijumaa, na ni hiyo ninayoikumbuka kuliko zote.

Fomu zilikuwa za kusomwa na mashine, za kujazwa kwa penseli, tarakimu moja kwa kila kisanduku. Tarakimu ikigusa mstari wa kisanduku mashine inakosea, na 1 yenye mkia mrefu inageuka 7. Swali la kabila lilikuja baada ya jina, uhusiano na mkuu wa kaya, jinsia na umri. Huandiki jina la kabila. Unaandika namba yake kutoka kwenye orodha uliyopewa. Orodha ilikuwa ndefu kuliko watu walivyodhani, kwa sababu Mluhya alikuwa na namba kwa kila tawi: Mbukusu yake, Mmaragoli yake. Mkalenjin vivyo hivyo. Mijikenda vivyo hivyo. Karani mvivu akisikia "Mluhya" anaandika namba ya jumla na kupita, na tawi zima linapungua kwenye jedwali ilhali watu wake wapo palepale.

Tulifundishwa sheria moja iliyo juu ya zote: andika anachosema mtu. Usikisie kwa jina, wala kwa lafudhi, wala kwa jirani. Nayo ndiyo iliyovunjwa zaidi, maana ukimkuta mama mwenye jina la Kikamba kati ya vyumba vya Waluhya, mkono unaandika kabla ya sikio kusikia. Kwenye chumba cha tano baba alikuwa Mkisii na mama Mluhya, watoto watatu. Nilipofika kwa watoto mama akasema, "Andika wa baba yao." Mtoto mkubwa, msichana wa miaka kama kumi na minne, akamwangalia mama yake. Kisanduku ni kimoja. Hakuna namba ya wawili. Maelfu ya watoto wa Nairobi wamehesabiwa hivyo, na kwenye jedwali ndoa za wazazi wao hazionekani kabisa.

Swali hilo lilikuwa zito mwaka ule. Miezi 20 tu ilikuwa imepita tangu uchaguzi wa Desemba 2007, uliofuatwa na ghasia za kikabila. Tume ya Waki, iliyozichunguza, ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zile, na waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Kibera soko la Toi liliteketea na reli ya Uganda ikang'olewa. Serikali yenyewe ilikuwa imeuliza kabila kwenye sensa ya 1999 na haikuyatangaza matokeo. Tanzania haijauliza swali hilo tangu sensa ya 1967. Kwa hiyo kulikuwa na waliolikataa kwa nguvu zote, na wengi wao walikuwa vijana: "Mimi ni Mkenya. Andika Mkenya." Namba ya jibu hilo ilikuwepo, nami niliiandika bila ubishi. Matokeo yalipotoka, waliojitaja Wakenya bila kabila walikuwa 610,122. Ni watu wengi kuliko makabila kadhaa yenye wabunge.

Wengine walijibu kwa sauti ya chini. Chumba cha tatu, mwanamume aliyekuwa akirekebisha redio aliinuka, akafunga mlango, ndipo akataja kabila lake. Kuta zile ni za udongo na juu ziko wazi hadi kwenye bati. Jirani anasikia ukikoroga chai. Hapo nilielewa kwamba usiri tulioapa kuutunza kwa kiapo cha sensa hauwezi kutunzwa na karani peke yake. Nikaanza kulielekeza daftari kwa mtu mwenyewe, akanionyesha kwa kidole kwenye orodha, nami nikanakili namba. Hakuna aliyenifundisha hivyo, na ningependa kila karani anayepelekwa kwenye nyumba za aina ile aambiwe mapema.

Sasa ile safu yenyewe. Vyumba kumi na viwili: tisa vya Waluhya, na kati ya hivyo tisa, saba ni watu wa upande mmoja wa Kakamega. Kimoja cha Mkamba, kimoja cha yule Mkisii na mkewe, kimoja cha vijana wawili waliosema ni Wakenya. Mwenye ploti alikuwa mama wa Kinubi aliyeishi safu ya mbele. Ukiniuliza kabla sijaingia ningesema Waluhya wamejitenga, au wamefungiwa. Hakuna kati ya hayo mawili. Ni keretaka.

Mpangilio unakwenda hivi. Mwenye ploti hakusanyi kodi mwenyewe. Anamweka mpangaji mmoja mwaminifu akae chumba cha kwanza, akusanye kodi mwanzo wa mwezi, aripoti bati linalovuja, na ajaze chumba kikibaki wazi. Hakuna tangazo. Chumba kikitaka kuwa wazi keretaka anajua wiki mbili mapema, anamwambia shemeji, shemeji ana mdogo wake anayekuja kutoka nyumbani. Mgeni asiyejulikana anatakiwa kutoa kodi ya mwezi na nyingine ya amana, pesa taslimu. Wa nyumbani anaingia bila amana, kwa sababu keretaka anawajua wazazi wake, na akitoroka na deni kuna mahali pa kulidai. Dhamana ni ukoo. Miaka sita au saba ya vyumba kupokezana hivyo, safu inakuwa ya kijiji kimoja bila mtu yeyote kumkataa yeyote. Keretaka wa ile safu alinieleza haya akihesabu vyumba kwa vidole, na alipofika cha Mkamba akasema, "Huyu aliletwa na mama mwenye ploti mwenyewe." Ndiye pekee.

Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini watu wa kabila moja wanakaa pamoja Nairobi, aanze na swali la nani anayempa mtu chumba na kwa dhamana gani. Mji ulijengwa kwa kutenganisha: enzi za mkoloni Wazungu walipewa milimani, Wahindi Ngara na Parklands, Waafrika mashariki, Pumwani na baadaye Kaloleni na Ziwani, na reli ikawajengea wafanyakazi wake Muthurwa na Makongeni. Ukuta wa rangi ulipoanguka mfuko ukachukua nafasi yake mitaani kwa wenye pesa. Kwa maskini nafasi hiyo ilichukuliwa na keretaka.

Halafu 2008 ikaja juu ya hayo. Kibera ilikuwa tayari na vijiji ambavyo kila mtu aliweza kuvitaja: Gatwekera na Kisumu Ndogo Wajaluo ndio wengi, Laini Saba Wakikuyu na Wakamba, Makina Wanubi. Kabla ya hapo ndani ya kila kijiji kulikuwa na wengine wa kutosha. Januari ile wachache wa kila upande walitolewa, au walihama usiku kabla ya kutolewa, na vyumba vyao vikaingiwa na waliofukuzwa upande wa pili. Chumba cha nane cha ile safu kilikuwa na mama mjane na wajukuu wawili. Alikuja Februari 2008 kutoka kijiji kingine cha Kibera, mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu. Kitanda na godoro vilibaki kule. Alipokuwa akisema mikono yake haikuacha kupepeta mchele.

Fomu ilikuwa na swali la kuhama: kabla ya hapa ulikuwa ukiishi wapi, na ulihama lini. Nilifurahi kwamba angalau hili lingeandikwa. Kisha nikaangalia kisanduku. Kilitaka wilaya. Alikotoka na alipofika ni wilaya ileile. Kwa fomu ile mama huyu hakuwa amehama. Nilipiga simu kwa msimamizi wangu kuuliza kama ninaweza kuandika jina la kijiji pembeni. Akanijibu, kwa haki kabisa, kwamba mashine haisomi pembeni. Nikaandika namba ya wilaya. Uhamisho mkubwa kuliko wote katika maisha ya mama yule, na wa maelfu kama yeye, ulipita katikati ya sensa bila kuacha alama, kwa sababu tu kipimo kilikuwa kikubwa kuliko tukio.

Ni tatizo lilelile linalowasumbua wanaopima utengano wa makazi. Kipimo kinachotumika sana ni kile cha akina Duncan, wanasosholojia wa Marekani, cha 1955, nacho ni hesabu ya darasani. Unakata mji vipande. Kwa kila kipande unatazama asilimia ngapi ya kundi la kwanza inakaa pale na asilimia ngapi ya kundi la pili, unatoa moja kwa nyingine, unaondoa alama ya kutoa, unajumlisha vipande vyote, unagawa kwa mbili. Sifuri maana yake wamechanganyika sawasawa. 100 maana yake hawakutani popote. Chukua kijiji chenye ploti nne za vyumba kumi kumi, mbili za Waluhya watupu na mbili za Wakamba watupu, na jirani yake kijiji kingine kama hicho. Ukikata kwa kijiji unapata sifuri. Ukikata kwa ploti unapata 100. Watu ni walewale, hawajahama hata hatua moja. Kwa hiyo mtu akikuletea namba ya utengano, swali la kwanza ni kipande chake kilikuwa na ukubwa gani. Kwa Kibera, kipande cha kata nzima kitakuonyesha mchanganyiko mzuri, na safu kwa safu utaona nilichokiona.

Matokeo yalitangazwa tarehe 31 Agosti 2010. Wakenya 38,610,097. Wakikuyu 6,622,576, Waluhya 5,338,666, Wakalenjin 4,967,328, Wajaluo 4,044,440, Wakamba 3,893,157. Wasomali walitajwa 2,385,572, na serikali ikasema idadi za wilaya nane za kaskazini hazikubaliki, ikazifuta. Kibera, iliyokuwa ikisemwa ina watu milioni, ilitoka na 170,070. Redioni na kwenye matatu watu walizungumza wiki nzima juu ya kabila lipi limelizidi lipi. Sikusikia aliyeuliza wanakaa wapi.

Namba niliyoitafuta mimi ilikuwa ndogo kwenye jedwali. Mwenye ile ploti, mama wa Kinubi, ndiye niliyemhesabu mwisho siku ya Ijumaa, na nilipofika kwenye kabila alisema, "Miaka yote tumeandikwa 'wengineo'. Nionyeshe leo mmetuweka wapi." Mwaka ule Wanubi walikuwa wamepewa namba yao kwa mara ya kwanza. Nikamfungulia orodha. Alivaa miwani, akaisogelea taa, akaipitisha kucha yake yenye hina mstari kwa mstari hadi alipoifikia, kisha akanitaka niiandike akiwa anaona. Niliandika taratibu, bila kugusa ukingo wa kisanduku, kwake na kwa kila mtu wa nyumba yake. Wanubi walitoka 15,463.