Siku jino lilipoacha kuuma

Gego langu la chini upande wa kulia lilinitesa karibu wiki mbili, kisha asubuhi moja likanyamaza. Nikafurahi kama mtu aliyesamehewa deni. Nikamwambia Mama Furaha apike bugali na sambaza, wale samaki wadogo, na mbele ya vijana wangu wa cherehani pale Kadutu, mtaa wa Bukavu, nikajisifu kwamba nimelishinda jino bila kumpa daktari hata faranga moja.

Dawa niliyojivunia ni vile vidonge vya rangi mbili, chekundu na cheusi, vinavyouzwa kimoja kimoja. Mteja wangu mmoja aliniambia: usimeze, fungua. Basi kila usiku nakaa chini ya taa, navuta ganda kwa kucha, namimina unga juu ya karatasi niliyoikunja kama mfereji, napeleka polepole mpaka kwenye tundu la jino, kisha naziba kwa pamba niliyochomoa kwenye pedi ya bega la koti la mtu. Uchungu wake! Mate yanajaa, na kutema huwezi, dawa itatoka. Usiku wa tatu unga ulinipalia, nikaukohoa wote juu ya suruali ya bwana harusi. Nilishinda nikipangusa.

Kumbe jino halikupona, lilikuwa limekufa. Uchafu ulikuwa umeshapata mlango wa kutokea chini.

Siku ya pili baada ya zile sambaza, kidevu kilivimba pande zote mbili, na nikigusa ni kigumu kama ubao wa pasi. Ulimi ukainuka kana kwamba kuna mtu anausukuma kutoka chini. Mate yakawa yananitiririkia kwenye shati. Muuguzi wa kituo kimoja kidogo akasema ni matubwitubwi, nikande kwa maji ya moto na ninywe dawa ya maumivu. Lakini matubwitubwi huvimba karibu na sikio, yangu yalikuwa chini ya taya! Jirani naye akaja na lake: "Baba Furaha, hicho ni kilimi, kuna mzee anakikata vizuri." Bahati yangu mdomo ulikuwa haufunguki hata kuingiza kidole. Huyo mzee angepitisha kisu wapi?

Usiku ule nikajua hatari. Nikilala chali, koo linafunga. Nikilala ubavu, ni vilevile. Nikaenda kukaa kwenye kiti cha kazi, nikaweka mto juu ya cherehani, nikaegemeza paji la uso, kidevu kikining'inia hewani na mate yakidondokea kwenye beseni. Hapo hewa ikapita. Mama Furaha alidhani nimechanganyikiwa. Mpaka leo najisifia akili ile, kwa sababu daktari alisema ningelazimisha kulala ningekufa kitandani.

Alfajiri tukapanda motari, pikipiki ya abiria, mimi katikati, tukashuka mpaka hospitali. Watu walikuwa wengi na sauti yangu haieleweki. Nikatoa chaki ya ushonaji mfukoni, nikaandika juu ya kipande cha kitambaa cheusi: NIKILALA SIPUMUI. Nikakiinua. Muuguzi mmoja alisoma, akakimbia. Wa pili akaleta machela, nikashika nguzo ya mlango nikakataa. Daktari, binti mdogo kuliko mdogo wangu wa mwisho, akasema: "Mwacheni Baba akae."

Alisema ni anjine ya Ludwig, maambukizi ya sakafu ya mdomo. Mimi anjine niliyoijua ni ya koo la watoto. Huyo Ludwig alikuwa daktari Mjerumani aliyeieleza mwaka 1836, enzi ambazo hakuna antibiotiki na wengi walikufa nayo. Magego ya mwisho ya chini mizizi yake hushuka kupita pale msuli wa sakafu ya mdomo uliposhikizwa kwenye taya, ndiyo maana usaha wake hukimbilia shingoni. Nilipoanza kupata nafuu nilimuuliza daktari, akanifafanulia kwa koti langu mwenyewe: usaha unapita kati ya kitambaa na bitana, na ukiachwa unafika kifuani. Hapo nilielewa kuliko kitu chochote nilichowahi kuambiwa hospitalini.

Walinipa oksijeni na antibiotiki za mshipa, vifaa vya kutoboa koo vikiwa tayari pembeni, wasije wakavitafuta. Wakapima na sukari, kwa kuwa wenye kisukari huugua vibaya zaidi. Yangu ilikuwa sawa. Wakanidunga ganzi, wakapasua chini ya kidevu nikiwa nimekaa. Nilitegemea usaha wa kujaza bakuli, yakatoka maji ya kahawia kidogo tu, harufu yake siisemi. Wakaacha kipande cha glavu ndani ya kidonda kiendelee kuchuruzisha, na jino lenyewe likang'olewa. Nililazwa siku kumi na kitu. Bili ilikuwa dola mia tatu na zaidi kidogo, sijumlishi uji na motari. Cherehani moja ikauzwa.

Kovu limebaki chini ya kidevu kama mshono wa mwanafunzi. Nikajishonea shati lenye kola ndefu iliyosimama ili kulificha. Vijana wa Kadutu wakadhani ni mtindo mpya. Mpaka sasa nimeshona tisa, na yule mteja wa vidonge ameagiza mawili.