Pampu kubwa, koo jembamba

Trekta yangu ni ndogo, injini ya kilowati 22, na ilipotoka kiwandani haikuwa na kipakizi cha mbele, yaani mikono yenye ndoo ya kuinulia mizigo. Kipakizi nilikifunga baadaye mwenyewe, na tangu siku hiyo nimeishi na kero moja. Injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 kwa dakika, ukivuta leva ndoo iliyojaa kifusi ipande, unaangalia mbele, unaangalia pembeni, unakohoa, ndoo bado iko usawa wa magoti. Ukigusa usukani wakati huohuo ndiyo inasimama kabisa, maana mafuta ya haidroliki hupita kwanza kwenye usukani na kipakizi hupata yanayobaki. Kwa hiyo nikawa napiga resi kutwa nzima, kelele tupu.

Nilipomwambia shemeji yangu kwamba nataka kufunga pampu kubwa zaidi ya kusukuma mafuta hayo, aliuliza jambo moja tu: "Shemeji, unataka nguvu au unataka kasi?"

Nikasema vyote.

"Basi utapata nusu."

Alikuwa sahihi, ingawa ilinichukua jioni nzima na kalamu kukubali. Pampu ya gia kazi yake ni kusukuma mafuta. Presha inaletwa na mzigo, na mwisho wake unawekwa na valvu ya usalama, ambayo kwangu inafunguka kwenye bar 150 (bar ni kipimo cha presha). Silinda zangu za kuinulia zina kipenyo cha milimita 50, hivyo kila moja inasukuma kwa takriban tani 3 na haitazidi hapo hata nikifunga pampu ya kijiko cha mgodini. Kitakachobadilika ni muda wa kuzijaza. Zote mbili, zikitoka milimita 400, zinameza kama lita 1.57.

Kabla ya kununua chochote nilipima. Hili ningependa ningelijua miaka iliyopita, kwa sababu halihitaji kifaa zaidi ya saa ya simu. Ndoo tupu, mizunguko 1,500, kutoka chini hadi juu kabisa. Asubuhi mafuta yakiwa baridi: sekunde 9. Baada ya saa moja ya kazi: sekunde 11. Pampu ya zamani ni ya sentimita za ujazo 8 kwa mzunguko, yaani lita 12 kwa dakika kwa kasi hiyo, au 11 na kidogo ukitoa uvujaji wa kawaida wa ndani. Hesabu inaleta sekunde 8 na nusu hivi. Pampu inayochelewa zaidi mafuta yakipata moto imelika: mafuta yamekuwa mepesi na yanarudi nyuma kupitia kando za gia. Kwa hiyo sehemu ya kero yangu ilikuwa uzee wa pampu, na mpya ya ukubwa uleule ingeniondolea sekunde mbili na ushee bila bughudha nyingine yoyote. Wewe unayesoma hapa, pengine unaweza kuishia hapo. Mimi sikuishia.

Nilichagua ya sentimita za ujazo 11. Ya 14 ilinivutia, lakini chukua lita kwa dakika, zidisha kwa bar, gawanya kwa 600, unapata kilowati. Kwenye mizunguko 2,500 na presha ikiwa mwisho, ya 14 ingetaka kilowati 8 na zaidi, na hapo hatujahesabu upotevu. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya injini yangu yote. Ya 11 inataka karibu 7.

Kuoanisha pampu kulichosha kuliko kuinunua: idadi ya meno ya shafti (yangu 9), kipenyo cha kola inayoingia kwenye gia boksi, umbali kati ya matundu ya boliti, na upande wa kuzunguka. Upande huo unausoma ukitazama pampu kutoka upande wa shafti. Mimi nilikuwa nimesoma kutoka nyuma, na shemeji ndiye aliyenishtua kabla sijalipa. Ukiifunga ya kinyume haivuti mafuta, na presha inaweza kung'oa sili ya shafti.

Kufungua: nilishusha ndoo chini, nikazima injini, nikachezesha leva zote mpaka presha ikaisha. Nikaosha eneo lote kwa brashi na mafuta ya taa, kwa kuwa chembe moja ya mchanga ikiingia humo imekwisha kazi. Kisha nikalegeza bomba la kunyonyea bila kukumbuka kwamba liko chini ya usawa wa mafuta. Viatu vyangu bado vinanuka. Boliti tatu zilitoka kwa dakika kumi. Ya nne iko nyuma ya kishikio cha filta, mahali ambapo ni mtu mwenye mkono wa mtoto tu angefika. Nikakata spana namba 13 katikati, nikaigeuza robo ya robo, naitoa, naiingiza upya. Dakika arobaini na tano boliti moja.

Kufunga kulienda haraka. O-ringi mpya (pete ya mpira ya kuzibia kiungio) upande wa presha, mafuta safi nikayamimina ndani ya pampu na kuizungusha kwa mkono ili isianze ikiwa kavu. Nikawasha, bila resi.

Ikapiga yowe. Yowe hasa, halafu chini yake mkwaruzo kama changarawe zinazotikiswa ndani ya debe. Ndoo ikapanda kwa kurukaruka. Nikazima kabla dakika haijaisha, nikachomoa kijiti cha kupimia: mafuta meupe, yana povu, mithili ya maji ya chokaa. Moyo ukaenda mbio, maana meupe yanaweza kuwa maji. Nikateka kiasi kwenye chupa ya kioo nikaiacha juu ya meza. Saa moja baadaye yalikuwa yametakata, povu limepanda juu na kupotea. Maji yasingeondoka hivyo. Ilikuwa hewa.

Hewa inaingia upande wa kunyonya, na upande huo hauvuji nje ukauona; wenyewe unavuta ndani. Shemeji akaniambia nipake grisi nzito kwenye kiungio kimoja baada ya kingine huku injini ikizunguka polepole, nisikilize. Kwenye kiwiko cha kuingilia pampu, grisi ilipoziba, yowe lilishuka papo hapo. Nikafungua. O-ringi ya kiwiko nilikuwa nimeirudisha ileile ya zamani, kwa uvivu. Ilikuwa ngumu kama plastiki, imekuwa bapa, na ukingoni ina mkato mdogo kama alama ya ukucha kwenye sabuni.

Mpya ikaingia, povu likaisha. Lakini nikipandisha resi mkwaruzo ulirudi, na hapa ndipo nilipopaswa kupiga hesabu kabla. Bomba la kunyonyea lina milimita 19 ndani. Kwenye mizunguko 2,500 pampu ya zamani ilivuta mafuta humo kwa kasi ya karibu mita 1.2 kwa sekunde, kiwango kinachovumilika. Mpya ilitaka zaidi ya mita 1.5, na mafuta mazito ya asubuhi hayakimbii hivyo kwa kunyonywa. Yanakatika, vinatokea viputo, vinapasukia kwenye gia na kuzila. Nikabadilisha bomba na viungio vyake viwili kuwa vya milimita 25, hosi yenye waya ndani, kwa sababu ya kawaida ingejikunja kwa kunyonywa. Kasi ikashuka chini ya mita 1. Nilipowasha nilidhani pampu haizunguki.

Sasa ni sekunde 6 na nusu kwa mizunguko 1,500, mafuta yakiwa na moto. Usukani na ndoo vinakwenda pamoja. Uzito inaobeba ni uleule, na kuna jamaa ameshanishauri nikaze skrubu ya valvu ya usalama "kidogo tu". Sikazi. Hosi, silinda na mikono ya kipakizi vilipimwa kwa bar 150, na ekseli ya mbele ndiyo itakayolipa. Hasara zipo: nikiinua mzigo mzito bila resi injini inazama hadi karibu kuzimika, na joto la mafuta baada ya saa ya kazi limepanda kutoka nyuzi 62 hadi 71.

Pampu ya zamani niliifungua jioni moja, tukaitazama na shemeji. Presha husukuma gia kuelekea upande wa kunyonya, na ndipo mwili wa alumini ulipolika: tao linalong'aa, lina mfereji mwembamba katikati. Akapitisha ukucha, ukanasa. Akairudisha mezani, akauliza kama ile spana niliyoikata ilikuwa yake. Ilikuwa yake.